Dawa Kwanza, Rangi Baadaye

Mwanangu, kila kijana anayepewa kazi yake ya kwanza ya sitaha ya mbao huja na swali hilo hilo ulilokuja nalo wewe: anunue mbao za dawa, au anunue mbao za kawaida azipake steini? Huuliza hivyo kwa sababu dukani vitu hivyo viwili vimewekwa vishindane, hiki kina bei yake na kile bei yake, na mwenye nyumba amesimama pembeni anataka jibu leo leo. Mimi nitakujibu taratibu. Sitaha uliyopewa ni ya nyumba ya wageni iliyo hatua chache tu kutoka baharini, na watakaoikanyaga hawatajua jina lako wala langu. Watapita juu yake wamebeba watoto na sinia za chakula, wakiwa wameiamini mbao iliyo chini ya miguu yao.

Lishike hili kwanza: dawa na steini hazina kazi moja. Mbao iliyo nje hushambuliwa kwa namna mbili. Kuna walao: mchwa wanaopanda kutoka ardhini kwa vijinjia vyao vya udongo, wadudu watobozi wanaoacha unga sakafuni, na kuvu inayoiozesha mbao kila inapokaa na maji. Hao hufanya kazi yao ndani. Halafu kuna jua na mvua, ambazo huanzia juu. Jua huiunguza ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, wataalamu huiita lignini, na mbao ikageuka kijivu na kuota manyoya. Mvua huilowesha, jua likaikausha, mvua ikailowesha tena, mwisho ikapasuka. Dawa imetengenezwa kwa ajili ya walao, na steini kwa ajili ya jua na maji. Mchwa haulizi mbao imepakwa rangi gani, wala jua haliulizi ndani mna dawa kiasi gani.

Dawa ninayoisema hapa ni ile inayosindiliwa tangini. Mbao hupangwa juu ya kitoroli, kikasukumwa ndani ya tangi refu la chuma lililolala, na mlango ukafungwa kwa vifungo. Kwanza hewa hufyonzwa mpaka vijitundu vya ndani ya mbao vibaki vitupu. Kisha maji ya dawa huingizwa, na pampu huyasukuma kwa kanieneo inayozidi mara 10 ile ya hewa tunayopumua, yakaingia pale hewa ilipotoka. Mwishoni hewa hufyonzwa tena kidogo ili mbao isitoke ikichuruzika. John Bethell alipata hataza ya njia hii Uingereza mwaka 1838, wakati huo akisindilia kreosoti ya lami ya makaa ya mawe, na mataruma ya reli yakaneemeka nayo. Mwaka 1933 mtafiti wa Kihindi, Sonti Kamesan, akiwa Dehra Dun, alibuni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki ambao dunia nzima inaujua kwa herufi CCA. Shaba huizuia kuvu, aseniki huwamaliza wadudu, na kromiamu huzifunga hizo mbili ndani ya mbao zisioshwe na mvua. Nguzo nyingi za umeme unazoziona barabarani, zile zenye ukijani uliofifia, zimepita katika tangi la namna hiyo.

Wewe umekulia Pwani na ng'onda unamjua. Samaki aliyekolea chumvi mpaka mfupani hukaa, na aliyenyunyiziwa juu juu huharibika upesi, ijapokuwa kwa macho wote wawili ni weupe. Mbao ya tangini na mbao ya kuchovywa ndivyo zilivyo, na hapo ndipo vijana wengi wanapopunjwa.

Ukifika kwenye yadi, rangi ya nje isikuzuzue. Wapo wanaokoroga rangi ya kijani kwenye pipa, wakachovya mbao asubuhi, na jioni wakaiuza kwa bei ya mbao ya dawa. Chagua ubao mmoja katikati ya rundo, ule ambao hukuonyeshwa, ulipie, kisha omba msumeno. Usikate nchani, maana ncha hunywa dawa kwa urahisi hata ikichovywa tu. Ingia ndani kiasi cha futi moja na nusu, kata hapo, halafu sawazisha mkato kwa patasi kali mpaka pete za mti zionekane. Upeleke kwenye mwanga. Paini iliyopita tangini itakuonyesha ukijani uliotapakaa kufuata pete, mahali umekolea na mahali umepungua, lakini haukatiki mpaka ufike kwenye kiini, kama ubao una kiini. Paini ya kuchovya itakuonyesha mstari wa kijani pembezoni usiozidi unene wa ukucha, na katikati yote ni njano ya paini iliyotoka kupasuliwa. Yule muuzaji asiyekubali mbao yake ikatwe na mtu aliyekwisha kuilipia, usigombane naye. Chukua fedha yako uende yadi ya pili.

Kuna swali jingine la kumuuliza, nalo ni muhimu vile vile: dawa hii ilitiwa kwa kazi gani? Mbao nyingi za dawa zinazouzwa kwetu zinakusudiwa kupaulia. Mbao ya kenchi iko chini ya bati, mvua haiigusi, hivyo dawa yake haihitaji kuwa nyingi. Afrika Kusini, Australia na New Zealand wamelipanga jambo hili vizuri kwa madaraja ya H. H2 ni ya ndani ya nyumba, kama mapaa. H3 ni ya nje, juu ya ardhi. H4 hugusa udongo au hufukiwa. H5 ni ya mahali palipolowa muda wote, na H6 ni ya maji ya bahari. Kwa vipimo vya Marekani, CCA kwenye mbao ya juu ya ardhi ilitakiwa ifike kilo 4 kwa kila mita ya ujazo, na kwenye mbao ya kugusa udongo kilo 6.4. Hata kama yadi yenu haitumii herufi wala tarakimu hizo, fikra yenyewe ibebe: mbao ya kukanyaga ni daraja moja, nguzo inayoingia ardhini ni daraja jingine lililo juu yake, na mbao ya kupaulia haina nafasi kwenye sitaha hata ikiwa kijani kibichi kabisa.

Usisahau pia kwamba si kila mti hukubali dawa. Paini inayoshuka kutoka shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi na kutoka mashamba ya wananchi wa Njombe na Iringa ni mti laini, na nyama yake hunywa dawa vizuri. Mkaratusi hunywa sehemu ya nje tu, kiini chake hukataa, kwa hiyo nguzo ya mkaratusi ukiikata katikati umefungua mlango ambao dawa haikuufikia. Paini bila dawa, nje, Pwani, mimi sitaki hata kuisikia. Ipake steini ya bei yoyote, ichunge utakavyo, mchwa wataingia kwa chini ambako hukuipaka, na maji yataingia kwenye matundu ya misumari.

Watakuja watu wakuambie uachane na paini ukatafute mti wenye dawa yake ya kuzaliwa. Nao wana haki. Kiini cha mtiki, cha mvule, cha mkongo ambao Mombasa na Lamu wanauita mbambakofi, hukaa nje miaka mingi bila kupita tangini, na milango mikongwe ya miji yetu inashuhudia. Mvule siku hizi ni wa shida, na ukiuona wa bei nyepesi jiulize ulikatwa wapi. Dai risiti na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, usije ukajenga sitaha kwa mbao za kuibwa. Mtiki unapatikana zaidi, kuna wa mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Lakini utazame kwa makini: nguvu ya mtiki iko kwenye kiini cha hudhurungi. Ile nyama nyeupe ya pembeni huliwa kama mti mwingine wowote, na mtiki uliovunwa mchanga una weupe mwingi. Muuzaji husema mtiki ni mtiki. Wewe uzigeuze mbao moja moja, na zenye weupe mpana uzirudishe.

Jambo hili la kulinda mbao kwa namna mbili halikuletwa na meli ya mizigo juzi. Wazee wetu waliunda majahazi bila tangi la dawa, na tofauti hii waliijua. Mbao za juu zinazopigwa na jua walizipaka sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Chini ya mstari wa maji hawakuitegemea sifa. Huko walipaka deheni ya chokaa na mafuta ya mnyama, maana adui wa huko ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao kimya kimya mpaka ubao unabaki gamba. Nao walikuwa wakirudia. Chombo kilipwelewa, kikasuguliwa, kikapigwa moto wa makuti, kikapakwa upya. Nahodha aliyejua kazi yake hakungoja mpaka aone maji yanaingia.

Sasa tuje kwenye steini, kwa kuwa sikusema kwamba haina maana. Ina maana kubwa, ila kwa wakati wake na kwa aina yake.

Kinachowaponza wengi ni vanishi angavu. Siku ya kukabidhi kazi hung'aa, mwenye nyumba akapiga picha, fundi akasifiwa. Lakini jua hupenya ule ung'avu bila kizuizi, likaiunguza mbao iliyo chini yake. Nyuzi za juu za mbao zikishaachia, vanishi haina tena pa kushika, huinuka maganda maganda, na maji yakaingia chini ya maganda hayo yakakaa. Kwenye mlango ulio chini ya baraza vanishi inaweza kudumu. Sitaha imelala: jua la saa sita huipiga usoni, maji hutuama juu yake, mchanga wa viatu huisugua kutwa. Siku ya kuirudia itabidi ukwangue sakafu nzima kwa msasa mpaka ufike kwenye mbao, na gharama ya kukwangua hupita ya kupaka.

Steini ifaayo sitaha ni ile ya mafuta, inayopenya, yenye chembe za rangi ndani yake. Hizo chembe ndizo zinazolizuia jua, kwa hiyo isiyo na rangi kabisa haikusaidii sana, na iliyokolea mno inayofunika sura yote ya mbao hugeuka rangi ya kawaida ikachubuka pale watu wanapopita. Chukua ya katikati, ya hudhurungi inayoacha pete za mti zionekane. Uzuri wake ni kwamba haitoki maganda, hufifia tu. Ikififia unaiosha sitaha kwa sabuni na brashi, unaiacha ikauke, unapaka tena, na hakuna kukwangua. Kwa jua na chumvi ya kwetu, hesabu mwaka mmoja hadi miwili kati ya upakaji na upakaji. Ukingo unaotazama magharibi na ile njia kutoka mlangoni hadi ngazini ndiko kutakakofifia kwanza.

Mbao iliyotoka tangini hivi karibuni imejaa maji, utaijua kwa uzito wake ukiiinua. Ukiipaka steini katika hali hiyo, steini itabaki juu na maji yatafungwa ndani. Zipange kivulini, weka vijiti kati ya safu na safu ili upepo upite, na uwe na subira. Kabla ya kufungua kopo dondoshea matone machache ya maji juu ya ubao. Yakisimama, ngoja. Yakinywewa ndani ya dakika chache, mbao iko tayari. Huweza kuchukua majuma, huweza kuchukua miezi, kutegemea unene wa mbao na hali ya hewa. Ndiyo maana ukikuta mbao iliyokaushwa baada ya kutiwa dawa, hata ikizidi bei kidogo, ichukue. Kazi ya kupaka usiipange masika. Ipange Januari na Februari, au kuanzia Juni ukavu ukishaingia, na upake asubuhi umande ukishakauka au alasiri jua likishainama, maana ubao wenye moto huikausha steini kabla haijapenya. Pande zote nne zipakwe kabla ubao haujapigiliwa. Mafundi wengi hupaka uso tu kwa kuwa ndio unaoonekana, na mwaka wa pili ubao unakunja kingo zake juu, kwa kuwa chini unakunywa maji na juu haunywi.

Oili chafu ya gari achana nayo. Haiingii ndani, huteleza, hupaka miguu ya wageni, na ikioshwa na mvua huenda moja kwa moja udongoni na kisimani.

Liko jambo linaloziunganisha dawa na steini, na nadhani ndilo jibu hasa la swali lako. Mwishoni mwa mwaka 2003 watengenezaji wa Marekani waliacha kuuza CCA kwa mbao za majumbani, pamoja na sitaha na bembea za watoto, kwa hofu ya aseniki inayoweza kushika mikono ya mtoto anayetambaa. Ulaya nayo ikabana matumizi yake mwaka 2004. Zikaja dawa zisizo na aseniki ambazo msingi wake ni shaba, kama ACQ na shaba azoli. Kwa hiyo ukisoma simuni ushauri wa Mmarekani anayesifu mbao za dawa kwa sitaha yake mpya, ujue anasema habari za dawa hizo, wakati yadi ya kwetu bado inaweza kukuuzia CCA. Uliza dawa gani. Ukipata isiyo na aseniki, iwe ndiyo ya mbao za kukanyaga. Ukikosa, CCA iende chini, kwenye nguzo na boriti, na juu utumie kiini cha mtiki. Na ikiwa hali imekulazimisha kuweka CCA hadi juu, basi steini ya mafuta inayopenya, ikirudiwa bila kusahauliwa, hupunguza kiasi cha aseniki kinachotoka kwenye uso wa mbao. Hapo steini imeacha kuwa pambo.

Hizo dawa mpya zina shaba nyingi, na shaba hula chuma. Msumari wa kawaida hautafika mbali. Tumia skrubu zilizochovywa kwenye zinki ya moto, na kwa kuwa wewe uko ufukweni, nakushauri chuma cha pua cha daraja la 316, ambalo limetengenezwa kuhimili chumvi. Ni ghali, najua. Lakini ubao mzima usioshikwa na kitu ni mtego kwa apitaye.

Na maji, mwanangu. Kuvu haiwezi kuishi kwenye mbao kavu. Ukiweza kuiweka mbao chini ya unyevu wa asilimia 20 umeishinda hata kabla ya dawa kuanza kazi. Sitaha isikae juu ya udongo ikakosa pumzi: inyanyue upepo upite chini, palilia majani yote, na usiruhusu mchanga urundikane kwenye nguzo, maana mchwa hupenda kupanda wasikoonekana. Nguzo ikae juu ya kiatu cha chuma kilichofungwa kwenye zege, usiizamishe kwenye zege linalotuamisha maji. Kati ya ubao na ubao acha milimita 5 kama mbao zimekauka. Kama bado zina maji zibananishe, zitaachana zenyewe zikikauka. Kila ulipokata na kila ulipotoboa kwa keekee, paka hapo hapo dawa ya brashi yenye shaba, kabla hujaenda kunywa chai. Mkato mbichi ni mbao isiyo na dawa.

Hili la mwisho la hatari ndilo ninalotaka unisikilize kuliko yote. Kazi ya mbao huacha mabaki, na kwetu mabaki ya mbao hayatupwi. Mama lishe wa jirani huja kuomba vipande, mlinzi huchemshia chai ya usiku, mfuga kuku huja na viroba kuchukua maranda ya kutandika bandani. Watu wote hao wanakuamini wewe fundi. Mbao yenye CCA ikiungua, sehemu ya aseniki hutoka na moshi na sehemu kubwa hubaki kwenye majivu. Kwa pua ni moshi wa kuni tu. Na majivu hayo ndiyo watu huyamwaga kwenye matuta ya mchicha, ndiyo wanayosugulia masufuria. Hakuna chakula kinachopaswa kupikwa kwa kuni hizo, hata mara moja, hata kwa kipande kimoja. Maranda yake yasiingie kwenye banda la kuku, vipande vyake visiwe kibao cha kukatia nyama wala hori la ng'ombe. Ukikata tandika turubai, vaa barakoa na glovu, nawa kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Jioni kusanya kila kitu, hata vumbi, ufunge kwenye viroba, na umweleze mwenye nyumba kwamba viroba hivyo vinakwenda dampo la halmashauri na gharama ya gari iko kwenye hesabu yake. Mama lishe akija, usimfukuze tu. Mwambie sababu, kwa sauti, na wasaidizi wako wakisikia.

Kuhusu fedha nitakuambia ninavyoona. Mwenye nyumba atasema haitoshi kwa dawa na steini pamoja, na atataka uanze na kinachoonekana. Hapo usiyumbe. Fedha ya kwanza iende kwenye mbao ya dawa ya daraja lake na kwenye skrubu. Ikibaki, steini. Isipobaki, na juu hapana CCA, sitaha ikae hivyo hivyo. Itageuka kijivu, itapata nyufa ndogo ndogo za juu, lakini itabeba watu, na mwakani akipata fedha mnaiosha na kuipaka. Ukifanya kinyume, ukaweka paini tupu chini ya steini nzuri, hakuna fedha ya mwakani itakayoweza kuingiza dawa kwenye mbao iliyokwisha kupigiliwa. Ataiona nzuri mpaka siku mguu wa mgeni utakapozama, na kwa kuwa rangi imefunika uozo hakuna atakayekuwa ameona dalili. Akikataa katakata, iache kazi. Najua una kodi ya karakana na una mke mjamzito, na bado nakwambia iache.

Akikubali, matunzo yaandikwe kwenye makadirio yenyewe: kuosha lini, kupaka lini, kopo ngapi, nani anafanya na kwa bei gani. Usimwachie maneno ya mdomo, maana meneja wa nyumba za wageni hubadilika na anayekuja hajui mlikubaliana nini. Kisha kile kipande ulichokikata yadini ili kuona ukijani wa ndani, usikitupe. Kiandike kwa kalamu ya wino mzito tarehe, jina la yadi, aina ya dawa na daraja lake, umkabidhi mwenye nyumba pamoja na risiti ya mbao, na nusu yake ubaki nayo karakanani.